Mkia wa Kulia kwenye Maki 0.90

Ratiba ya siku hiyo ilikuwa na nukta moja tu ya maana: Maki 0.90, yaani asilimia 90 ya kasi ya sauti, kwenye futi 15,000. Ndege ilikuwa ya kivita, mpya, ya injini moja, na mikia yake ya mlalo ilikuwa ya aina inayozunguka yote mzimamzima kwenye ekseli yake. Mimi nilipewa kutazama mkia wa kulia katika chumba cha telemetria, ambako vipimo vya ndege hufika ardhini kwa redio. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa na wa kushoto.

Jaribio la mpapatiko, yaani mtetemo unaolishwa na hewa yenyewe, haliendi kwa pupa. Unaanza juu, ambako hewa ni nyepesi, kisha unashuka na kuongeza mwendo kidogo kidogo, kwa sababu shinikizo la hewa inayoipiga ndege hukua kwa mraba wa kasi. Kwenye kila nukta rubani anaituliza ndege, anabonyeza kitufe, na kompyuta ya usukani inautikisa mkia kwa makusudi, kuanzia hezi 5, yaani mitetemo mitano kwa sekunde, na kupanda taratibu hadi 45 kwa muda wa dakika moja hivi. Halafu anaigonga fimbo ya usukani, mara moja mbele, mara moja pembeni. Kila mkia una vihisi viwili vya mtetemo kwenye ncha, kimoja ukingo wa mbele na kingine ukingo wa nyuma. Ardhini tunasoma mambo mawili: mtetemo una hezi ngapi, na unafifia upesi kiasi gani. Kinachoogopwa ni mtetemo wa kupinda na ule wa kujisokota kukaribiana hezi. Vikikutana, mkia unaanza kunyonya nguvu kutoka kwenye hewa, na muundo unaweza kukatika ndani ya sekunde chache. Tulikubaliana kusimama ufifiaji ukishuka chini ya asilimia 3, au mwelekeo wa nukta zilizopita ukionyesha kwamba nukta inayofuata itafika huko.

Maki 0.80 ilikuwa safi. 0.85 safi. Rubani alipotulia kwenye 0.90, kabla hata hajagusa kitufe, mstari wangu kwenye skrini ukaanza kutetemeka: hezi 28, kimo kile kile, haukui wala haupungui. Wa kushoto ulikuwa umenyooka.

"Acha, acha, acha," akasema mwongozaji wa jaribio kwenye redio. Neno hilo likitoka rubani haulizi. Anapunguza nguvu za injini na kuinua pua polepole ili kasi ishuke bila ndege kupata mshtuko. Lakini pua ilipoinuka kidogo tu, kasi ikiwa bado ni ile ile, mstari ukanyooka ghafla. Jibu lilikuwa pale, ingawa tulibishana sana kabla ya kulikubali.

Mshukiwa wa kwanza siku zote ni kihisi au waya wake, na sioni ubaya wa kuanza huko kwa sababu ni kazi ya saa moja. Mafundi waliigonga mikia yote miwili kwa nyundo ndogo yenye kipimo cha nguvu ndani yake. Vihisi vikasoma sawasawa kulia na kushoto. Kihisi kikaondolewa kwenye orodha.

Wengine walitaka kurudia hesabu za mpapatiko. Shida ni kwamba hesabu zile huchukulia kwamba ugumu wa mkia haubadiliki: ukisukuma mara mbili, unasogea mara mbili. Mpapatiko wa namna hiyo ukianza hukua bila kikomo. Mtetemo unaojifungia kimo chake mwenyewe unadokeza kitu kingine, yaani plei, ulegevu mdogo kwenye viungio. Ndani ya ile nafasi ndogo ya kulegea mkia hauna ugumu wowote, kwa hiyo unapigapiga kati ya kingo zake kama mlango uliolegea bawaba. Ukivuka kingo, ugumu unarudi na mtetemo hauwezi kukua zaidi. Kwa uzito na mwendo ule wa Maki 0.90, mzigo wa hewa juu ya mkia ulikuwa karibu na sifuri, basi mkia ukaelea katikati ya plei. Pua ilipoinuka, mzigo ukausukuma mkia upande mmoja na nafasi ikazibwa. Ndiyo maana mstari ulinyooka kasi ikiwa haijashuka.

Plei haipimwi kwa kushika mkia na kuutingisha kwa mkono, ingawa nimeona watu wakifanya hivyo na kusaini karatasi. Haidroliki iwe na shinikizo lake kamili, kwetu pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, la sivyo unapima ulegevu wa kiendeshi, ile pistoni inayozungusha mkia, kikiwa hakina nguvu. Kipimo cha saa, kile chenye mshale, kinafungwa kwenye stendi nzito isiyogusa ndege, na ncha yake inakaa kwenye ukingo wa nyuma, mahali ambapo umbali hadi kwenye ekseli unajulikana kwa hakika. Unasukuma juu kwa hatua, ukiandika nguvu na msogeo, unarudi sifuri, unavuta chini, unarudi tena. Ukichora grafu, plei inaonekana kama kipande cha katikati ambapo msogeo unaongezeka bila nguvu kuongezeka.

Viwango vya kijeshi vya Marekani kwa mkia wa aina hii viliruhusu digrii 0.034 tu. Mita moja kutoka kwenye ekseli hiyo ni takriban milimita 0.6. Wa kushoto ulisoma 0.4. Wa kulia, 1.1.

Baada ya hapo ni kutenganisha: kipimo kimoja kwenye ekseli, kingine kwenye mkono unaopokea pistoni, kingine kwenye pistoni yenyewe, uone msogeo unapotea wapi. Ulipotea kwenye beringi ya ncha ya pistoni. Ilipotolewa, kitambaa cha tefloni kilichopaswa kuwa laini na kushikamana kilikuwa kimegeuka unga wa kijivu upande mmoja. Fundi mkuu aliuangalia mkononi mwake, akasema, "Hii imechoka zamani."

Lakini ndege ilikuwa na saa chache mno za kuruka kwa beringi kuchoka hivyo. Jibu lilikuwa kwenye kadi ya matengenezo, ambayo ilihesabu saa za angani peke yake. Mkia wa kulia ndio uliotumika kujaribia mfumo wa kutikisa, ardhini, haidroliki ikinguruma mchana kutwa. Juu ya hilo, jairo, vihisi vinavyopima mzunguko wa ndege, zilikuwa zinanasa mtetemo wa pampu, kompyuta inaujibu, na pistoni inacheza misogeo midogo isiyokoma ambayo jicho halioni. Misogeo midogo ya kwenda na kurudi mahali pamoja inaweza kuila beringi upesi kuliko misogeo mikubwa.

Wanaodhani milimita moja ni jambo dogo wakumbuke F-117, ndege ya kivita ya Marekani, iliyokatika bawa angani kwenye maonyesho huko Maryland, Septemba 1997. Uchunguzi ulikuta vifungio vinne kati ya vitano kwenye mhimili wa kibao kinachosogea nyuma ya bawa havikuwapo. Kabla ya hapo bawa lenyewe lilikuwa zima. Kilichopotea ni ugumu wa mahali pamoja. Rubani aliruka kwa kiti cha dharura, akapona.

Beringi zilibadilishwa pande zote mbili, na kadi ikaongezwa safu ya saa za haidroliki. Programu ndiyo iliyotuchelewesha. Kuzuia misogeo ile midogo kulihitaji kichujio cha kukata hezi za pampu, na kila kichujio unachoongeza huchelewesha kidogo jibu la usukani kwa mkono wa rubani. Watu wa usukani hawakutaka kusikia. Februari 1989 mfano wa kwanza wa Gripen, ndege ya kivita ya Sweden, ulianguka ukitua Linköping, rubani na programu ya usukani walipoanza kufukuzana, kila mmoja akisahihisha kwa kuchelewa, na tangu hapo hakuna anayegawa ucheleweshaji ovyo. Wakakubali kichujio chembamba zaidi kuliko tulichoomba, kisha programu nzima ikarudiwa kujaribiwa kwenye fremu ya ardhini kabla ya kuruhusiwa kuruka.

Nukta ya 0.90 iliporudiwa, plei ilikuwa milimita 0.3 pande zote na mistari yote miwili ilinyooka. Maki 0.95 ikasubiri tena, safari hii kwa sababu ndege ya kusindikiza ilikuwa inavuja mafuta.