Moshi wa Udi

Januari 2019 mama alikuwa kwangu Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, mwezi wake wa pili tangu atoke Tanga, na bado akilala na soksi, sweta na kanga kichwani. Nyumba niliyopanga ilikuwa ya zamani, madirisha ya mbao yale ya kupandisha na kushusha. Hita ya gesi ilinguruma mchana kutwa. Bili ya Desemba ilifika dola 230, nami nikalipa kimya, nikijua ndiyo Minnesota hiyo.

Jioni moja mama akawasha udi wa kijiti, kama afanyavyo kwake magharibi ikiingia. Akausogeza dirishani. Moshi haukupanda, ulilala, ukamrudia usoni.

"Njoo uone, mwanangu. Hili dirisha au pakacha?"

Tukazunguka nyumba nzima na kile kijiti. Chini, moshi ulisukumwa ndani. Ghorofani chumbani kwangu ukanyonywa nje, kwenye ufa ambao hata wembe ungepita kwa taabu. Hewa ya moto hupanda ikatorokea juu, ya baridi ikaingia chini kushika nafasi yake. Nilifundishwa haya shuleni na nikayasahau. Tulipopita chini ya king'ora cha moshi kikalia, mama akaomba dua kwanza, ndipo akauliza kama polisi wanakuja.

Kesho yake nikanunua plastiki ya madirisha na utepe wenye gundi pande mbili. Ukishaibandika ina mikunjo kama shuka isiyopigwa pasi, lakini ukiipitishia draya ya nywele hujikaza yenyewe kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ya kwanza niliitoboa kwa pupa. Madirisha 9, siku mbili, mama kwenye utepe na mimi kwenye draya. Chini ya mlango wa nyuma akasokomeza kanga yake kuukuu.

Tarehe 30 baridi ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, hata posta hawakupeleka barua. Plastiki ya sebuleni ilivimba na kunywea kila upepo ulipopiga, ila haikuachia. Usiku ule nikasikia hita ikinyamaza, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu Novemba.

Asubuhi nikamkuta mama dirishani, ukucha wake umeshika pembe ya utepe. Nyumba gani, akaniuliza, inafika saa tatu haijafunguliwa hewa ipite? Udi wa jana ulikuwa bado unanukia.