Nati Tano Kwenye Bonde la Mibuyu

Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho siku sita kabla ya safari, jicho la kulia, na daktari alimkataza mambo matatu: kuinama, kubeba kizito na kuingiwa na vumbi. Kwa sababu hiyo sikutaka arudi Iringa kwa basi. Nilikuwa na RAV4 ya mwaka 1998, ile yenye tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimeifunga matairi manne mapya ili nimfikishe mzazi wangu salama. Ilikuwa Agosti 2015.

Kijana aliyeyafunga alitumia bunduki ya upepo. Namkumbuka vizuri kwa sababu nilisimama palepale nikiifurahia kazi yake. Kila nati aliirudia mara mbili, mara tatu, mashine ikinguruma mpaka gari zima linatikisika. Alipomaliza aliniambia, "Dada, hizi hazifunguki mpaka Kiama." Nikamshukuru na kumwachia hela ya soda.

Tulitoka Dar saa kumi na moja alfajiri. Chai tulikunywa Morogoro. Ndani ya hifadhi ya Mikumi mama, na miwani yake myeusi, alikuwa akiniuliza naona nini, nami nikimhesabia twiga. Baada ya mji wa Mikumi barabara inateremka kuelekea mto Ruaha Mkuu, na pande zote mbili ni mibuyu, mamia kwa mamia. Mwezi huo haina jani hata moja. Kama saa saba mchana nilisikia nyuma panagonga, usukani ukawa mzito, nikajua tairi limekwisha. Nikalisogeza gari nje kabisa ya lami. Lilikuwa la nyuma kushoto, upande wa porini, na kwa hilo nilimshukuru Mungu, maana malori ya Tunduma na Zambia hayapiti pale kwa upole.

Kubadilisha tairi nilikuwa najua. Marehemu baba alinifundisha nikiwa kidato cha pili, na alinifundisha kwa mpangilio ambao sijawahi kuuvunja: weka mawe kwenye magurudumu mengine, legeza nati gari likiwa bado limekaa chini, halafu ndipo upandishe jeki. Ukianza na jeki, gurudumu litazunguka na spana yako au gari litakuangukia. Nikamkalisha mama kwenye kivuli cha shina la mbuyu, nikamfunika kichwa na uso kwa kitenge, nikachukua wili spana. Mkono wa spana nikauelekeza kushoto ili niusukume kwenda chini, nikaegemea kwa mikono miwili.

Haikutikisika.

Nikaikanyaga kwa mguu. Nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili, nimeshika paa la gari. Wakati ule nilikuwa na kilo 58. Siku hizi najua hesabu yake: kilo 58 mwishoni mwa spana ya sentimita 30 ni kama nyutoni-mita 170, yaani kipimo cha nguvu ya kuzungusha, na kipimo cha Toyota kwa nati za gari lile ni 103. Nilikuwa nimesimama juu ya zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu inayotakiwa, na nati imetulia kana kwamba imechomelewa. Nikaanza kuruka. Mara ya tatu spana ilichomoka, ikanipiga muundi, nami nikaanguka kwa goti. Nilipoinama kuangalia, kona za nati zilikuwa zimeanza kung'aa na kupoteza ukali wake.

Kilichoniumiza zaidi ni sauti ya mama. Alikuwa ameinuka, ameshika kitenge chake, anakuja akipapasa njia. "Nije tukanyage wote?"

"Mama, rudi kivulini. Tafadhali, vumbi hilo."

Alirudi, lakini polepole, na nilijua anajilaumu. Saa nane ilikuwa imekaribia na dawa yake ya matone nilitaka nimwekee mahali pasipo na upepo. Gari dogo moja lilipunguza mwendo, likatuangalia, likaondoka. Nilijifuta machozi kwa mkono wenye uchafu wa tairi.

Lori lililosimama lilikuwa limebeba simenti. Kabla dereva hajashuka, utingo wake alikuwa ameshakata matawi na kuyalaza barabarani nyuma yetu. Dereva alikuwa mtu mzima, mvi zimeshika pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda kwanza kwa mama chini ya mbuyu akamwambia, "Shikamoo mama. Pole na safari." Ndipo akaja kwenye gurudumu.

"Nani alifunga hizi?"

"Fundi wa matairi, Dar."

"Kwa mkono au kwa upepo?"

"Kwa upepo."

Akatikisa kichwa. Utingo alikuwa ameshaleta kopo la dizeli ili azimwagie. "Acha," mzee akamwambia. "Hii si kutu. Nati inang'aa hii. Hii imekabwa."

Akamtuma alete bomba, kipande cha chuma chenye urefu wa kama mita moja, akalichomeka kwenye mkono wa spana yangu. Utingo alipiga magoti akashika kichwa cha spana kwa viganja vyote viwili, akakisukumiza kwenye nati kisipate nafasi ya kuruka. Na hapa nilijifunza kosa langu. Mzee hakuruka, hakukanyaga, hakupiga kwa kushtukiza. Alilishika bomba mwishoni akalishusha taratibu, akiongeza uzito kidogo kidogo. "Ukiipiga mateke spana inakula kona," alisema. "Kona zikiisha, hapo tutaitana na tindo na nyundo."

Nati ililia kwa sauti kali kama tawi kavu linalovunjika. Mama alishtuka kule alikokaa. Mzee akanikabidhi bomba. "Ya pili fungua wewe, binti." Nililishusha kama alivyofanya, na sauti ileile ikatoka, na mikono ikanitetemeka kwa furaha. Ya tatu pia.

Ya nne haikulia. Ilianza kuzunguka laini, bila kelele, nami nikafikiri hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Mzee akanishika mkono. "Sikiliza. Ikilia, imefunguka. Ikinyamaza ikalainika, boliti inajinyonga." Alijaribu kuirudisha mbele na nyuma kidogo, lakini ilikuwa imekwisha. Robo mzunguko baadaye boliti ilikatika, nati ikadondoka vumbini na kipande cha chuma ndani yake. Nimekitunza mpaka leo.

Ya tano ilifunguka vizuri. Tairi la akiba mlangoni lilikuwa na nati tatu, na zote zilifunguka kwa nguvu za mkono wangu mmoja. Hizo bunduki ya upepo haikuzigusa.

Wakati wa kufunga alinitaka nianze kwa vidole, kila nati iingie yenyewe bila spana, kwa kuruka moja baada ya moja kama mtu anayechora nyota. Kisha tukashusha jeki, nikakaza kwa mkono, bomba likiwa limewekwa kando. "Mkono tu, mguu usihusike. Sasa unazo nne. Usizidi sitini. Ukifika Ruaha Mbuyuni simama, shika rimu kama lina joto, na ukaze tena." Pesa alikataa. Mama alimpa vitumbua sita vilivyobaki kwenye kikapu, na hivyo alivipokea kwa mikono miwili.

Ruaha Mbuyuni nilisimama, nikapiga magoti katikati ya wauza vitunguu, nikazipitia nne zote. Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya malori, mimi nikisikiliza gurudumu lile tu. Tulifika nyumbani giza limeshaingia. Jicho la mama lilikuwa salama.

Asubuhi alikuja fundi mzee wa mtaani kwetu na sanduku lake. Alitoa ngoma ya breki, akaigonga ile boliti iliyokatika ikatokea nyuma, akaweka mpya. Halafu akanionyesha boliti mbili nyingine: nati mpya ilipita hatua chache za mwanzo ikagoma katikati, kwa sababu uzi wa boliti ulikuwa umevutika. Alinieleza kwamba boliti inashika kwa kuvutika kidogo, kama springi, na ndiyo maana haifunguki yenyewe. Ikivutwa kupita mpaka wake hairudi tena, na gurudumu unaloliona limekazwa kuliko yote linaweza kuwa ndilo lililo karibu kuchomoka. Nilikaa juu ya ndoo nikawaza lile neno la Kiama. Sikuweza kumkasirikia yule kijana peke yake. Aliamini kwamba kukaza zaidi ni kunitakia mema, nami niliamini hivyohivyo, nikamlipa.

Fundi alizibadilisha zile boliti mbili pia, akazilegeza nati za magurudumu mengine matatu kwa bomba, moja baada ya moja, na zote zikalia. Kisha akatoa spana yake ya kupimia, ile inayosema "tak" ikifika kipimo, akaiweka kwenye 103 akakaza zote ishirini. Nilidhani amemaliza. Akachukua wili spana ya gari langu, ileile fupi, akaninyooshea.

"Fungua mwenyewe. Moja kila gurudumu, nione."

Nilianza na la nyuma kushoto. Nilielekeza mkono wa spana kushoto, nikausukuma kwa mikono miwili, mguu ukiwa chini. Ililia kidogo ikaachia. Mama alikuwa barazani na miwani yake, shingo ameinyoosha.

"Imefunguka?"

"Imefunguka, mama."