Kona Hamsini na Saba

Niliondoka Uyole, Mbeya, na pikipiki yangu asubuhi na mapema, nyuma sijapakia mtu wala gunia. Barabara kuu mpaka Chimala sina cha kuisimulia: malori na moshi wa malori. Chimala ndipo unapokunja kulia ukaukabili mlima.

Njia hiyo ya Matamba watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Nilianza kuzihesabu, nikapotea kwenye ya kumi na tisa, maana mwili ulikuwa umeshika kazi. Unapunguza gia, unailaza pikipiki, macho unayapeleka kule kona inakotokea, kisha unafungua mafuta taratibu nayo inainuka yenyewe. Kila ukigeuka, bonde la Usangu limezidi kwenda chini. Ada ya shule, kodi ya fremu, simu za wanaonidai, vyote vilinitoka kichwani. Miezi kadhaa nilikuwa silali vizuri. Pale, nikiwa macho kabisa, nilikuwa napumzika.

Karibu na juu injini ikakohoa, ikazima. Hewa ya mlimani ni nyepesi, lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha Chimala, basi plagi inajaa masizi. Nikakaa kwenye jiwe kuisugua kwa kipande cha msasa, vidole vimekufa ganzi. Mzee mmoja mwenye jembe begani akasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umempeleka nani?"

"Sikupakia mtu."

"Mzigo je?"

"Sina."

"Kuna msiba Matamba?"

"Hapana babu. Naendesha tu."

Akanitazama. Akachuchumaa, akaichukua plagi kwa vidole vyenye udongo wa viazi, akaipuliza, akaigeuza kwenye mwanga, akaipuliza tena.

"Mimi nilikuwa na baiskeli," akasema. "Marehemu bibi yako alikuwa akiniuliza hivyo hivyo."

Akanirudishia plagi, akashika njia yake.

Matamba walinikamua. Petroli ya kwenye chupa, lita moja elfu tano! Gesti ilikuwa na blanketi moja, na maji ya moto niliyaomba mara tatu. Usingizi ukanipaa, nikamkumbuka baba. Alikuwa bwana shamba kule Mbozi, na Honda ya kazi. Jumapili jioni alinikalisha mbele yake kwenye tangi, tukazunguka mashamba ya kahawa, halafu tukarudi. Mama akiuliza, baba alijibu anapasha injini. Nilikuwa nasikia joto la tangi mapajani na kidevu chake juu ya utosi wangu. Sikumbuki hata safari moja tuliyofika mahali.

Kesho yake nikavuka Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya bahari. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, lakini jina la Bustani ya Mungu ndilo linaloifaa. Maua yalikuwa yamefunguka pande zote, ukungu unapita juu yake. Nilizima injini, nikasikiliza ekzosi ikipoa, tik, tik, mpaka ikanyamaza.

Kushuka, tope liliniangusha mara mbili. Saa tisa nilikuwa Isyonje, kwenye lami, nimelowa mpaka soksi. Kulia ni Uyole na nyumbani. Kushoto ni Tukuyu, na mvua ilikuwa inaonekana imesimama juu ya Rungwe.

Nikatikisa tangi. Mafuta yalikuwemo. Nikakunja kushoto.