Nusu Saa Baada ya Jua Kuchwa

Mwanzoni mwa mwaka 2017 nilikuwa baharia katika mashua ya matanga ya mzee mmoja wa Kiingereza, tukitokea Bimini, katika visiwa vya Bahamas, kwenda Miami Beach. Mkondo wa Ghuba, ambao huvuta kwa nguvu kuelekea kaskazini, ulituchelewesha, na jua lilikuwa karibu kuzama tulipotia nanga kati ya Rivo Alto na Di Lido, visiwa viwili vilivyotengenezwa na binadamu na kujaa majumba ya matajiri.

Tulikuwa bado tunalegeza amari, yaani kamba ya nanga, boti ya doria ilipotufikia. Askari, kijana mwenye adabu, alitueleza kwamba pale hapalaliwi: sheria ya jimbo la Florida, iliyopitishwa mwaka 2016, inakataza chombo kukaa nangani mahali hapo kuanzia nusu saa baada ya jua kuchwa hadi nusu saa kabla ya kuchomoza. Wanaosamehewa, alisema, ni kama waliokimbia tufani au walioharibikiwa na mitambo, ambao hupewa siku 3 za kazi za kutengeneza.

Mwenzangu, mtu wa Pate, akaninong'oneza, "Ndugu yangu, mwambie injini imekufa." Nilishindwa kujizuia kucheka, kwa sababu injini ilikuwa ikinguruma chini ya miguu yetu na askari alikuwa akipaza sauti ili tumsikie.

Kisa cha sheria hiyo nilikuja kukielewa baadaye. Tangu mwaka 2009 miji na kaunti za Florida zilikuwa zimenyimwa mamlaka ya kudhibiti vyombo vinavyosafiri vitie nanga wapi, isipokuwa ndani ya maeneo rasmi ya maboya, yaani sehemu zilizotengwa ambako vyombo hufungwa kwenye maboya. Wakazi wa ufukweni, ambao walilalamikia boti zilizotelekezwa na, kwa maoni yangu, walichukizwa zaidi na wageni kulala mbele ya madirisha yao, wakalipeleka shauri lao kwenye bunge la jimbo, katika mji mkuu wake, Tallahassee. Bunge halikuweka kanuni ya jumla; liliorodhesha mahali kwa majina: Middle River katika kaunti ya Broward, Sunset Lake, na mapengo matatu kati ya visiwa vya ghuba ya Biscayne. Sisi tuliozoea kuchagua mahali pa nanga kwa kuangalia kina, upepo na aina ya sakafu ya bahari, tuliona ajabu kwamba maji yale yale, yenye tope lile lile, yawe halali saa kumi jioni na haramu saa mbili usiku.

Pengo kati ya Di Lido na San Marino, kisiwa jirani, halikuwamo katika orodha. Nahodha alimuuliza askari mara mbili, naye akakubali, bila furaha kubwa. Tukang'oa nanga, tukaizunguka ncha ya Di Lido gizani, tukaishusha tena upande wa pili wa kisiwa kile kile, mbele ya madirisha ya majirani wengine.