Kozi za mtandaoni kwa walimu: cheti kipo, darasani je?

Walimu wenzangu, naomba tuongelee hizi kozi za mtandaoni maana sasa hivi zimejaa kila kona, webina kila jioni, linki kwenye magrupu, watu wanapost vyeti. Mi nazipenda, niseme mapema, mwalimu aliye mbali na chuo anasoma usiku kwenye simu yake bila kuomba ruhusa ya kutoka kazini, na zamani hiyo haikuwepo. Kinachoniuma ni kwamba nyingi zimetengenezwa ili uzimalize tu. Unaangalia video, unajibu kwizi ya kuchagua, ukikosa unarudia mpaka upate, alafu PDF ya cheti hiyo hapo.

Na sio kwamba haijulikani. Tangu 1980 Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa elimu wa Marekani, walishaandika kwamba mafunzo ya mwalimu yanataka nadharia, kuonyeshwa, kujaribu mwenyewe, kuambiwa umefanyaje, na mtu wa kukushika mkono unapoanza kutumia darasani. Kozi nyingi zinaishia kwenye hayo mawili ya kwanza.

Chukua mfano wa kusubiri jibu. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi wa Marekani, alisikiliza rekodi za masomo ya sayansi akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde 1 tu, alafu anajibu mwenyewe au anamrukia mwanafunzi mwingine. Walimu walipozoea kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, wanaokaa kimya wakapungua, na wale waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Kwenye kozi hiyo ni slaidi moja, kwizi inauliza sekunde ngapi, unabofya 3, umepata.

Sasa ingia darasani uulize kipi kikubwa, theluthi au robo, alafu nyamaza. Jamani sekunde 3 ni ndefu! Mdomo unawasha, wa mbele kanyoosha mkono mpaka kanyanyuka kwenye kiti, wengine wanaangalia chini, na ukivumilia ndio unamsikia wa nyuma anasema robo ni kubwa kwa sababu 4 inaizidi 3. Hapo ndipo somo linapoanzia, maana hayuko peke yake mwenye wazo hilo na ungemchagua wa mbele usingelisikia kabisa. Kwizi haiwezi kukupa hicho kitu.

Kozi nzuri ingekwambia urekodi sauti yako dakika chache ukifundisha (kwa ruhusa, na sauti za watoto zisizagae mitandaoni tafadhali), usikilize umesubiri kiasi gani, uandike ulichosikia, mwezeshaji akujibu, wiki ijayo ujaribu tena. Ndio, ni gharama kuweka mtu wa kusoma kazi za walimu wote hao, najua, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo. Na wakuu wa shule nao, badala ya kuhesabu vyeti, wampe mwalimu nafasi ya kwenda kukaa nyuma ya darasa la mwenzake kipindi kimoja.

Mi siku hizi kabla ya kujisajili naangalia kama kuna kazi ya kufanya darasani na kama kuna mtu atakayeisoma. Kama hakuna, na mada bado naitaka, namtafuta mwenzangu wa somo langu tunaichukua wote, Jumatatu kila mtu anajaribu kitu kilekile darasani kwake, Ijumaa tunakaa tunaambizana watoto walijibu nini.