Miezi Saba ya Kupwelewa na Sauti

Kwa miezi saba nilifundisha darasa la tatu lenye wanafunzi wasiopungua tisini nikiwa nimepwelewa na sauti, na katika muda wote huo hakuna aliyedhani kwamba jambo hilo lilihitaji daktari bingwa, nami nikiwa wa kwanza. Asubuhi sauti ilitoka na mikwaruzo. Ikifika kipindi cha nne ulikuwa umebaki upepo mtupu. Walimu wenzangu walinipa tangawizi, asali na karafuu za kutafuna. Kwenye duka la dawa niliuziwa antibayotiki mara tatu, na kwenye zahanati nilimulikwa tochi kinywani nikaambiwa koo ni safi.

Koo lilikuwa safi kweli, ila nyuzi za sauti hazionekani kwa tochi. Zimo ndani ya zoloto, chini ya shina la ulimi, na anayetaka kuziona hana budi kutumia kioo chenye mkono mrefu au kamera. Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyezaliwa Hispania, alizitazama zake mwenyewe mwaka 1854 kwa vioo viwili na mwanga wa jua, na kila nikikumbuka kwamba alikuwa mwalimu, si tabibu, hujisikia fahari kidogo.

Bingwa wa masikio, pua na koo niliyepelekwa kwake kwa rufaa hakuanza na kamera. Aliniuliza kama navuta sigara, kama chakula kinapita vizuri, kama nimepungua uzito, kama nimewahi kupasuliwa tezi ya shingo. Nilipomuuliza shingo inahusikaje, alinieleza kwamba neva inayoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma ya tezi hiyo, na ile ya kushoto hushuka hadi kifuani, ikauzunguka mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, ndipo ikapanda tena. Kwa hiyo ugonjwa wa kifuani unaweza kumnyima mtu sauti. Kifua kikuu nacho hushambulia zoloto, na saratani ya hapo mara nyingi hujitambulisha kwa sauti kukwaruza tu. Ndiyo maana mtu mzima ambaye sauti yake haijarudi baada ya wiki nne anapaswa kuangaliwa ndani. Mimi nilikuwa nimekaa miezi saba nikitafuna karafuu.

Nilipuliziwa dawa chungu ya ganzi puani, kisha kamera nyembamba kama mrija ikapitishwa. «Mwalimu, sema iiii.» Kwenye skrini nikaona mikunjo miwili myeupe ikifunguka na kufumba, na katikati yake vinundu viwili vidogo vinavyotazamana, mfano wa sugu za kiganjani mwa mlimaji. Nyuzi za mwanamke hugongana takriban mara 200 kwa sekunde anapozungumza. Nilipozidisha hesabu hiyo kwa vipindi vyangu vya kupaza sauti, sugu hazikunishangaza.

Nilijiandaa kwa kisu, lakini daktari alisema vinundu vya namna hiyo hutibiwa kwanza kwa mazoezi, kwa sababu vikikatwa bila mtu kubadili namna ya kusema vinaweza kurudi. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa tiba ya usemi, ambaye kwetu ni adimu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008 tu, na mimi nilisubiri miadi kwa wiki sita. Alinifundisha kuimba «uuu» ndani ya mrija uliotumbukizwa kwenye glasi ya maji hadi yachemke mapovu, zoezi lililowachekesha sana wanangu. Alinikataza pia kunong'ona, jambo nililodhani ndilo kupumzika, kumbe kunong'ona kwa nguvu huzikaza nyuzi hizo hizo.

Kamera ya pili, baada ya miezi minne, ilionyesha kinundu kimoja kimetoweka na kingine kimenywea. Darasani siku hizi sipazi sauti: nikipiga makofi matatu, watoto hujibu kwa mawili, kisha wananyamaza, isipokuwa wale wa dawati la nyuma, ambao mimi huwafuata hadi walipo.