Kabla ya dodoso, kaa kibandani

Timu zinazoniita nisaidie kubuni programu za wafanyabiashara wadogo hunionyesha kwanza majibu ya dodoso. Mimi huwaomba tuyaweke kando, twende sokoni, tunyamaze na tutazame mikono ya watu.

Kuna kibanda cha mboga mtaani Kawangware, Nairobi, ninachopenda kukaa jioni, watu wakishuka matatu kutoka kazini. Mwenyewe anakatakata sukuma wiki, nyembamba kama nyuzi, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko. Simu iko mfukoni mwa aproni. Mteja akilipa kwa M-Pesa simu inalia, lakini mwenyewe haitoi mfukoni. "Nisomee hiyo meseji yako, kasto." Kwa jirani, hilo linatosha. Kwa mgeni, anaweka kisu chini, anafuta mikono kwenye leso, anaangalia simu yake mwenyewe, ndipo anampa mboga. Sasa muulize kama huhakikisha malipo yote. Atakwambia ndiyo, kila mara, na kwa fikra zake anasema kweli, kwa sababu kumjua mtu nako ni kuhakikisha. Dodoso litaandika "ndiyo", na mbuni ataweka kitufe cha kubonyezwa kila malipo yanapoingia. Kitabonyezwa na nani, kwa mikono ipi?

Tazama pia daftari lake la madeni. "Mama Twins, geti nyeusi, 40." Basi. Programu inayodai majina mawili na namba ya simu kabla ya kuandika deni la shilingi 40 haimfai hata kidogo.

M-Pesa yenyewe ilipita njia hii. Majaribio yalianza 2005, lengo likiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Waliopewa huduma ile wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wahusika waliliona hilo wakalifuata, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Nalipenda sana tukio hili: watu walionyesha walichohitaji, na kuna mtu aliyekuwa akitazama.

Kibandani, sasa tunajaribu sauti inayotaja kiasi na jina la aliyelipa. Tulifikiria isome na madeni pia, lakini nimeona wanaokopa wanavyosubiri foleni iishe ndipo waseme shida yao. Kwa hiyo sauti itataja malipo tu. Deni libaki daftarini.